Molekuli moja inaweza kuwa dayodi, sawa, ila nani ataipiga jampa?

FundiBodi:
Wakuu heshima kwenu. Mi ni fundi simu hapa Kariakoo, chuo nilisoma kemia nikamaliza, ajira ikagoma, basi nikakalia kiti cha maikroskopu na chuma cha lehemu mpaka leo. Juzi nimeletewa bodi ambayo fundi mwingine alishaikoroga, pedi moja (kidoa cha kuunganishia) chini ya aisii (chipu) ya chaji imeng'oka kabisa na inabidi upige jampa, yaani uunganishe kwa kipande cha waya. Wanaojua wanajua, ule waya wa 0.02 mm, ukipumua vibaya umepotea mezani na hauuoni tena. Nikakwangua njia mpaka shaba ikaonekana, nikaweka flaksi (dawa ya kufanya lehemu ishike), nikagusisha, ukashika. Nikanyanyua mkono, ukatoka na mkono. Mara ya nne ndo ukakubali na shati limelowa jasho.

Nikiwa nasubiri mwenye simu nikakumbuka kitu cha chuo ambacho sijawahi kukiona kikijadiliwa humu kwa Kiswahili, nikasema ngoja nishushe uzi. Kuna watu toka 1974 wanataka molekuli MOJA ifanye kazi ya dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu), moja ifanye kazi ya swichi, na moja iwe waya. Na ukifuatilia hiyo historia yote miaka 50 hii utagundua molekuli zenyewe hazijawahi kuwa tatizo kubwa, wanakemia wanazipika wanavyotaka. Kinachowatoa jasho ni kilekile kilichonitoa mimi jasho juzi. Kuunganisha.

Vipimo kwanza ili tuende sawa. Huo waya wangu wa 0.02 mm ni nanomita 20,000. Molekuli wanayoipenda kuanzia nayo ni pete ya benzini (sio ya kuweka kwenye gari, ile pete ya kaboni sita) yenye atomu ya salfa kila upande, na urefu wake hata nanomita 1 haufiki. Sasa piga jampa hapo.

1974 Arieh Aviram alikuwa mfanyakazi wa IBM huku anasoma PhD, msimamizi wake Mark Ratner pale New York University. Wakaandika makala fupi ya hesabu tupu. Walisema dayodi tunayoijua ina upande wenye elektroni za ziada na upande wenye upungufu, je nikichukua molekuli moja, huku nikaweka kundi linalopenda kutoa elektroni, kule linalopenda kupokea, na katikati kipande cha kuzitenganisha zisije zikawa kitu kimoja? Hesabu ikajibu kwamba umeme utapita kirahisi upande mmoja na kugoma upande mwingine. Hakuna aliyejaribu kwa molekuli moja kwa sababu hakukuwa na mkono wa kuishika.

Naendelea, kuna mteja.

Nyangumi77:
Naweka kiti hapa. Fundi rudi usitukimbie

Chapati_Tatu:
Mkuu umeme wenyewe umekatika huku tangu saa mbili wewe unatuletea waya wa molekuli 😂

FundiBodi:
Nimerudi. Chapati_Tatu pole, huku jenereta la jirani ndo linatuokoa.

Mkono ulipatikana 1981, maabara ya IBM kule Zurich. Gerd Binnig na Heinrich Rohrer wakatengeneza maikroskopu ambayo haitumii mwanga, inatumia ncha ya chuma kali kiasi kwamba mwishoni imebaki atomu moja, inapitishwa juu ya kitu bila kukigusa na unasoma umeme unaoruka ule upenyo. 1986 wakachukua Nobel. Kuanzia hapo watu wakaona atomu moja moja na wakaanza kuzisogeza.

Lakini jaribio lililoniacha mdomo wazi ni la 1997, Mark Reed wa Yale na James Tour ambaye kipindi hicho alikuwa South Carolina na ndo aliyekuwa mpishi wa molekuli. Sikilizeni walichofanya maana ni ufundi wa mtaani kabisa ila kwa kiwango cha kutisha. Unachukua waya mwembamba wa dhahabu, unaukata kidogo katikati ubaki na kishingo, unaugundisha juu ya bati linalopinda. Chini ya bati kuna kitu cha kusukuma, kristali inayotanuka ukiipa volti. Ukisukuma bati linapinda, waya unavutika, kile kishingo kinakuwa chembamba chembamba mpaka kinakatika. Uzuri wake ni kwamba kusukuma kwingi chini kunakuwa kufunguka kudogo sana juu, kwahiyo unaweza kutawala upenyo ule kwa kiwango kidogo kuliko atomu. Yote hii imelowekwa kwenye maji ya dawa yenye zile molekuli za benzini na salfa. Salfa na dhahabu ni mtu na mpenzi wake, zinang'ang'ania. Ukikata waya, molekuli zinajipanga kwenye ncha zote mbili kama nywele. Unaacha dawa ikauke, halafu unarudisha ncha taratibu mpaka umeme uanze kupita, hapo unahesabu kwamba kuna molekuli imeshika huku na huku.

Wakapata ukinzani wa megaohmu 22 hivi. Multimita yangu ya mezani inaweza kuusoma huo.

MtotoWaGeita:
Kwahiyo dhahabu yetu ndo inaliwa huko maabara? Kwanini isiwe shaba au fedha

FundiBodi:
Hahaha wanatumia uzi mdogo kuliko hereni ya mtoto, haitikisi bei. Dhahabu kwa sababu haishiki kutu, unaweza kufanya kazi hewani bila kuhangaika. Fedha ikikaa na hewa yenye salfa inapiga weusi, si umeona mikufu. Halafu dhahabu ni laini, ukiivuta haikatiki ghafla kama kibiriti, inajinyoosha mpaka inabaki atomu moja moja zimesimama foleni. Na hapo kuna kitu kitamu, foleni ya atomu moja ya dhahabu ina upitishaji unaojulikana, ukinzani wake ni kiloohmu 12.9. Haijalishi umevutia wapi wala nani kavuta. Hicho ndo wanakitumia kama kipimo chao cha kuanzia.

Mwl_Kemia_F6:
Mleta mada umejitahidi sana ila ngoja nikurekebishe sehemu moja kabla wanafunzi wangu hawajaisoma. Ukisema molekuli "iwe waya" watu watafikiri elektroni zinatiririka humo kama kwenye shaba. Kwa molekuli fupi kama hizi elektroni inapenya, yaani kwa hesabu za kawaida haikutakiwa iwe na nishati ya kukaa pale katikati, ila inatokea upande wa pili. Ushahidi wake ni urefu. Waya wa shaba ukiuongeza urefu mara mbili ukinzani unakuwa mara mbili. Mnyororo wa kaboni zenye haidrojeni, kila ukiongeza kaboni MOJA upitishaji unashuka unabaki kama theluthi ya ulivyokuwa. Ongeza kaboni kumi uone kinachobaki.

FundiBodi:
Mwalimu umenikamata, nakubali. Niliandika kifundi. Na kwa hiyo theluthi yako ukiongeza kumi unabakiwa na kama moja ya elfu 60, kwahiyo ukitaka "waya" mrefu lazima utumie molekuli za aina nyingine zile zenye elektroni zinazozunguka mwili mzima kama hiyo pete.

KisumuNdogo:
Maze hii mada imenibamba. Lakini swali, hawa wa kutengeneza chip za simu si tayari wako nanomita 3? Hiyo si ni kama molekuli tatu tu zimepangwa, sasa hawa wengine wanahangaikia nini

FundiBodi:
Kaka hiyo 3 ni jina la biashara tu, kama unga "daraja la kwanza". Ndani ya hizo chipu, kutoka geti (mguu unaoamuru iwake au izime) la transista moja, yaani swichi ndogo ya umeme, hadi la jirani yake ni nanomita 40 na ushee mpaka 50. Bado kuna nafasi ndefu hapo kabla ya kufika molekuli moja. Silikoni yenyewe kile kibox kinachojirudia cha atomu zake ni nanomita 0.54, sasa ukichonga transista ya upana wa nanomita moja umebakiwa na viboksi viwili, atomu moja ikikaa vibaya transista yako si sawa na ya jirani. Molekuli uzuri wake hazichongwi. Molekuli bilioni za benzini ni bilioni zilezile, hakuna feki hakuna oginali. Ndo maana watu hawaachi.

Nyangumi77:
Hapo kwenye "hazichongwi" umenigusa

Mdau_Mkimya:
Mbona hujataja yule Mjerumani? Au hujui? Mimi nilikuwa nje nasoma kipindi kile, mabweni yote ya fizikia yalikuwa ni stori hiyo.

FundiBodi:
Nilikuwa nakuja huko, ila wewe shuka nayo, mi nina bodi mkononi.

Mdau_Mkimya:
Sawa. Jan Hendrik Schön, alisoma Konstanz, akaajiriwa Bell Labs, maabara ya utafiti kule New Jersey, sehemu ileile ilipozaliwa transista ya kwanza 1947, kwahiyo ukisema umetengeneza transista ya molekuli kutokea pale watu wanakusikiliza. 2001 akatangaza transista ya tabaka moja la molekuli, halafu akasogea akasema amefika molekuli moja moja. Jarida la Science mwaka huo likachagua saketi za molekuli kuwa mafanikio makubwa ya mwaka (kulikuwa na makundi mengine ya kweli humo, sio yeye peke yake). Jamaa alikuwa anachapisha makala kama mvua za masika. Maabara za watu zikaacha kazi zao kujaribu kurudia alichofanya, hakuna aliyeweza, wanafunzi wa PhD wakapoteza miaka wakidhani wao ndo wajinga.

Alikamatwaje? Kelele. Kila kipimo cha umeme mdogo kina kelele zake, ile mistari inayotetemeka tetemeka, na kelele hazijirudii hata siku moja. Lydia Sohn na Paul McEuen wakaona grafu za majaribio mawili tofauti zina mtetemo uleule, kila kilima kila bonde. Bell Labs wakaunda tume chini ya Malcolm Beasley wa Stanford, Septemba 2002 ikatoa ripoti, tuhuma 24, zilizothibitika 16. Alipoulizwa data ghafi akasema kazifuta kwa sababu kompyuta ilikosa nafasi. Na sampuli zimeharibika. Akafukuzwa, 2004 Konstanz wakamvua PhD.

Chapati_Tatu:
Kompyuta imejaa 😂😂😂 hii mbona kama mtu wa ofisi ninayoijua

Mwl_Kemia_F6:
Hili somo la kelele nitalitumia darasani. Kuna vijana wananiletea ripoti ya taitresheni tatu zote zimetoka 24.50

FundiBodi:
Asante Mdau. Mi nina mtazamo wangu hapo. Watu walimwamini kwa sababu alirukia palepale ambapo wote wamekwama, yaani alisema molekuli zake zinajiunga zenyewe vizuri na geti linazitawala vizuri. Transista ina miguu mitatu. Kushikisha miguu miwili kwenye kitu cha nanomita 1 ni vita, sasa mguu wa tatu utauweka wapi bila kugusa miwili ya kwanza? Kweli walikuja kufika baadaye, 2009 Reed huyohuyo akiwa na Takhee Lee na wenzao wakaonyesha geti linalosogeza viwango vya nishati vya molekuli ya benzini, ila kwenye baridi ya kelvini 4, ambayo ni nyuzi 269 chini ya sifuri. Simu hiyo utaiweka mfukoni ukiwa wapi.

Halafu ngoja niseme hiki maana ndo kiini cha uzi wangu. Ile molekuli ya 1997 iliyopimwa megaohmu 22, 2004 kundi la mtafiti anaitwa Tao pale Arizona wakaipima kwa njia nyingine wakapata kama megaohmu 1.2. Molekuli ileile! Nani kakosea? Pengine hakuna. Salfa inaweza kushika juu ya atomu moja ya dhahabu, au ikakaa kwenye shimo kati ya atomu tatu, ncha ikawa kali au butu, molekuli ikasimama au ikalala, na kila mkao una namba yake. Ni kama lehemu baridi, kwa juu inang'aa, ukiigusa simu inawaka, ukiiachia inazima.

Njia ya Tao na mwenzake Xu ya 2003 ilikubali huo ukweli badala ya kuukimbia. Unachukua ncha ya dhahabu unaichomeka kwenye sahani ya dhahabu yenye dawa ya molekuli, unaivuta taratibu huku unasoma umeme. Unashuka kwa ngazi, unafika ngazi ya atomu moja ile kiloohmu 12.9, kak, umekatika. Mara nyingine unaanguka moja kwa moja hadi sifuri. Mara nyingine unaanguka halafu unasimama kidogo, kuna kijingazi chini, yaani molekuli imening'inia katikati, unazidi kuvuta inaachia. Kijingazi hicho kinadumu kidogo tu. Unarudia maelfu ya mara, unazipanga zote kwenye histogramu (grafu ya kila namba imetokea mara ngapi), na kilima kinachojitokeza ndo namba ya molekuli. Mara moja hujapima kitu.

MtotoWaGeita:
Kama kupima mchanga. Kopo moja haliwezi kukuambia kitu, unasaga sampuli kibao ndo unajua kama kuna mali

FundiBodi:
Haswaaa. Umenielewa kuliko mimi.

Na kwa njia hiyo yakaanza kutoka mambo matamu. 2006 kundi la Latha Venkataraman pale Columbia walibadilisha kiungio, wakaacha salfa wakatumia nitrojeni, makundi ya amini, ambayo haing'ang'anii sana ila inashika kwa mkao mmoja, kwahiyo kilima kikawa chembamba kinasomeka. Wakachukua molekuli saba za pete mbili zilizoungana, kila moja pete zake zimepindana kwa pembe tofauti. Zikiwa zimelala sawa umeme unapita vizuri, ukizidi kuzipinda unapungua, na kupungua kwake kunafuata kosaini ya ile pembe kipeo cha pili. Yaani trigonometri ya sekondari iko ndani ya molekuli.

KisumuNdogo:
Eti pete zikipinda umeme unakataa. Na hiyo benzini, ni lazima ushikilie pande mbili zinazoangaliana ama popote tu

FundiBodi:
Swali zuri hilo kuliko unavyodhani. Sio popote. Fikiria pete ni kipilefti. Elektroni hapa inaenda kama wimbi, inapita kulia na kushoto kwa wakati mmoja. Ukiingilia upande mmoja ukatokea upande unaotazamana nao kabisa, njia mbili zinalingana, mawimbi yanakutana yanasaidiana. Ukitokea barabara ya pembeni yake, njia moja fupi moja ndefu, mawimbi yanakutana yanafutana, na upitishaji unashuka sana. Atomu zilezile, pete ileile, umehamisha tu mguu kaboni moja. Hakuna kitu kama hicho kwenye bodi zetu, huwezi kukuta rezista ukihamisha mguu wake kidogo inakuwa karibu imekatika. Kuna watu wanataka kutumia huko kufutana kama swichi ya kuzima.

Bi_Hesabu:
Mwalimu atasema hujaongea kihesabu, ila picha ya kipilefti inatosha. Swali langu ni pesa. Miaka 50, wameuza nini? Maana mimi naona Nobel na makala, sioni kifaa dukani.

FundiBodi:
Bi_Hesabu hujakosea. Kifaa cha kompyuta dukani hakuna. Waliokaribia ni kundi la James Heath na Fraser Stoddart, 2007 walitengeneza memori ya nyaya 400 kwa 400 zimekatizana kama chandarua, makutano 160,000, kila kwenye makutano kuna molekuli kama mia moja zenye pete inayoteleza kwenye kijiti, pete ikiwa huku ni 0 ikiwa kule ni 1. Kwa msongamano ilikuwa balaa, biti bilioni 100 kwenye sentimita moja ya mraba. Walipojaribu sehemu yake, kama robo tu ya biti ndo zilikuwa za kutegemewa, na ukiandika na kufuta mara chache molekuli inachoka. Flashi ya elfu kumi hapa dukani inaishinda kwa uvumilivu.

Ndoto ya dayodi ya molekuli moja nayo ilifika, 2015 Columbia walipata dayodi ya molekuli moja inayopitisha upande mmoja zaidi ya mara 200 kuliko mwingine. Shangwe. Ila dayodi ya silikoni ya bei ya pipi inafanya zaidi ya mara milioni.

Iliyonipa moyo ni ya Beijing 2016, kundi la Xuefeng Guo pale Peking University. Kuna molekuli inayobadilika umbo ukiimulika, mwanga mmoja inafunga, mwingine inafungua. Kabla ya hapo wenzao waliishikisha kwenye dhahabu, ikawa inazima ila haiwaki tena, kwa sababu ilishikana na dhahabu mno mpaka dhahabu ikawa inainyonya ile nguvu ya mwanga. Beijing wakatumia grafini (karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja) badala ya dhahabu, na kati ya grafini na molekuli wakaweka kaboni tatu kila upande zenye haidrojeni zake, zile ambazo mwalimu alisema zinapunguza umeme. Makusudi kabisa! Wakailegeza kidogo. Ikawaka na kuzima zaidi ya mara mia, na ikakaa zaidi ya mwaka mzima bila kufa. Molekuli ni ileile ya zamani kasoro viungo.

Mwl_Kemia_F6:
Kwahiyo walikubali kupoteza umeme ili wapate swichi. Hapo sawa kabisa.

Bi_Hesabu:
Hujajibu pesa.

FundiBodi:
😂 Sawa mama. Mimi hela yangu nisingeweka kwenye kompyuta ya molekuli, ningeweka kwenye vihisi. Kwenye kompyuta unahitaji mabilioni zote zifanye kitu kimoja. Kwenye kihisi unataka molekuli moja ikuambie imeguswa na nini, na kuguswa ndo jambo ambalo molekuli inaliona kuliko waya wowote. 2022 kampuni moja ya San Diego na watafiti walioshirikiana nao (Tour yumo tena) walichapisha chipu ya silikoni ya kawaida yenye vihisi 16,000, kila kihisi kina pengo la elektrodi na juu yake daraja la protini fupi la nanomita 25, katikati unapachika kitu cha kunasia, DNA au kimeng'enya, kikinasa umeme unapepesuka unasoma.

Na hapa ndo nilipofunga maikroskopu yangu nikacheka. Hizo molekuli wanazipiga jampa vipi, 16,000? Hawazipigi. Wanamwaga maji yenye madaraja juu ya chipu, wanawasha volti inayobadilika kwenye elektrodi, ule uwanja wa umeme unayavuta madaraja mpaka kwenye mapengo, yanajilaza yenyewe, kazi ya sekunde. Mi juzi mara nne kwa waya mmoja.

Nyangumi77:
Fundi, na yule mwenye simu alikuja?

FundiBodi:
Alikuja. Inachaji, ila taratibu. Nitaifungua tena kesho, nahisi ni ule waya.